Benchi Nililotengeneza Bila Egemeo

Wanaume wenzangu, mmeniomba niwaeleze nilivyougua na nilivyopona. Nitaeleza yote, hata yale ambayo mke wangu ameniomba niyapunguze. Kama kuna mtu hapendi kusikia neno mkojo, atoke sasa hivi akaote jua, maana nitalitaja mara nyingi.

Mimi naitwa Njeru. Ni seremala hapa Siakago tangu ujana wangu. Natengeneza milango, vitanda, viti na majeneza, na siku za soko nilikuwa nikipeleka vigoda hadi Ishiara. Mke wangu, Mama Ireri, analima ndengu na kufuga mbuzi. Tulilea watoto wanne wakatoka nyumbani wakaoa na kuolewa. Sikuwa nimewahi kulala hospitali hata siku moja. Nilikuwa na mikono yenye nguvu na mdomo wenye nguvu zaidi.

Kanisani nilikuwa mzee wa kanisa na karani wa kamati ya wazee. Mabenchi yote mnayoyaona kanisani kwetu niliyapiga randa kwa mikono hii. Nilipofika benchi la mwisho, lile la nyuma kabisa karibu na mlango, mbao ziliisha. Nikaliacha bila egemeo. Mchungaji wa wakati huo aliniuliza, "Njeru, hili watu wataegemea wapi?" Nikamjibu, "Watakaokaa pale hawaji kupumzika." Watu walicheka sana. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Nieleze kidogo kwa wale wageni. Kwetu, mtu aliyetengwa na kanisa alikuwa anakaa benchi la nyuma. Msichana aliyezaa bila ndoa, mwanamume aliyeonekana kilabuni, mtu aliyeongeza mke. Aliruhusiwa kuja ibadani na kutoa sadaka, lakini hakuimba kwaya wala hakushiriki Meza ya Bwana. Wazee wakipitisha sahani ya mkate, waliishia benchi la mbele yake wakageuka. Mpaka siku atakayosimama mbele ya kanisa zima akiri. Na aliyeandika majina hayo kwenye kitabu cha kamati ni mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri.

Katika majina hayo kulikuwa na la Gicuku. Gicuku ni fundi wa nguo. Duka lake limepakana na ua wa kanisa, hata ukisali unasikia cherehani yake siku za kazi. Alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Akapata mtoto na mwanakwaya mwenzake, na yule kijana akapata kazi Meru akaenda zake, hakuna aliyemuuliza chochote. Kamati ilimwita Gicuku, tukamwambia asimame mbele akiri. Akatujibu, "Nitasimama siku huyo mwenzangu atasimama. Huyu mtoto sikumpata peke yangu." Mimi kama karani nikaandika neno moja tu mbele ya jina lake: kiburi. Alikaa benchi la nyuma miaka minne.

Basi. Ugonjwa wangu ulianza mwaka uliofuata ile mvua kubwa ya El Niño. Ulianza kidogo kidogo. Naenda chooni, nasimama, nangoja. Yanatoka matone. Nafunga zipu, natoka nje, na yale yaliyobaki yanajitokea yenyewe kwenye suruali. Nikadhani ni baridi. Baadaye nikadhani ni chai nyingi. Nikapunguza chai, halafu nikapunguza maji, nikawa nakunywa kikombe kimoja kwa siku katika joto hili la Mbeere. Mkojo ukawa mzito na wa rangi ya chai ya rangi, na ukawa unachoma. Usiku nilikuwa naamka mara tano, mara sita. Mtu mmoja alinipa mizizi ya kuchemsha. Niliinywa wiki tatu, nikapata kuhara tu.

Halafu nikaanza kulowesha kitanda. Mwanamume wa miaka karibu sitini, baba wa watoto wanne, mzee wa kanisa. Mara ya kwanza niliamka kabla ya mke wangu nikamwaga uji kwenye shuka makusudi, nikamwambia nimeteleza nao. Aliniambia, "Uji wa wimbi haunuki hivyo." Wiki ile ile nikahamia karakana. Nilimwambia wezi wa mbao wamezidi. Nikalala juu ya maranda, kwa sababu maranda yanafyonza na asubuhi unayachoma moto. Nilijiona mjanja sana.

Sitasahau Jumapili moja. Wazee tulikuwa tunakaa mbele, tumeelekea watu. Katikati ya mahubiri nikahisi suruali ina joto. Sikuweza kuinuka. Niliketi kwenye kile kiti mpaka wimbo wa mwisho, mpaka watu wakasalimiana wakaisha, mpaka mlinzi akaja kufunga madirisha. Nikamwambia naomba faragha na Bwana. Kumbe nangoja kiti kikauke.

Jumapili iliyofuata nilivaa kabuti refu juu ya suti, na ndani nimejifunga vitambaa, nikaenda kukaa benchi la nyuma. Sababu yangu ilikuwa moja tu: mlango uko pale na choo kiko hatua kumi kutoka mlangoni. Lakini watu waligeuka wote wakanitazama. Nilikuwa nimesahau benchi lile linasema nini kwa niaba ya mtu anayelikalia.

Mchungaji wetu, kijana mpole, alinifuata baada ya ibada. "Mzee, kuna jambo?"

"Niache kwa muda, Mchungaji."

"Umejitenga mwenyewe?"

Ningesema hapana. Ningesema ninaumwa. Neno lilikuwa fupi tu. Nikasema, "Ni kati yangu na Mungu."

Hapo nikawa nimemwaga petroli mwenyewe. Mzee wa kanisa, karani wa kamati, amejiweka benchi la nyuma na hasemi kwa nini? Kabla ya Jumatano soko zima lilijua nina mwanamke Ishiara. Kabla ya Jumamosi huyo mwanamke alikuwa amenizalia. Si nilikuwa napeleka vigoda Ishiara kila wiki? Na nyumbani si nilikuwa nimehama kitanda?

Mke wangu aliyasikia akichambua ndengu na wenzake. Alikuja karakana akasimama mlangoni. Hakuingia. "Baba Ireri," akasema, "niambie tu jina lake. Sitapiga kelele."

Wanaume, nisikilizeni hapa. Nilimtazama yule mama niliyeishi naye miaka thelathini na mitano, macho yamemvimba, nikanyamaza. Niliona afadhali mke wangu anidhanie mzinzi kuliko ajue ninajikojolea. Uzinzi ni dhambi ya mwanamume mwenye nguvu. Kujikojolea ni jambo la mtoto. Hiyo ndiyo hesabu niliyopiga, na niliipiga nikiwa na akili zangu timamu. Aibu ni kitu kibaya sana. Nilikuwa nasali kila siku, lakini nilikuwa naomba Mungu aniponye kwa siri.

Benchini nilikuwa nakaa na Gicuku. Wengine walikuja wakaondoka, yeye alikuwa pale. Jumapili za kwanza hatukusalimiana. Lile benchi liliniumiza mgongo kuliko kazi ya msumeno, na kila nikijinyoosha nilijua ni nani alilitengeneza. Siku moja, watu wamesimama wanaimba, akaniinamia bila kunitazama.

"Baba, hii harufu naijua."

Nikajifanya sikusikia.

"Baba yangu alikuwa hivi. Alificha mpaka akakufa. Tulijua wakati wa kumwosha, vile tulipata vitambaa kwa suruali. Tumbo lilikuwa limefura hivi. Enda hospitali, Baba."

"Shika adabu yako," nikamwambia.

"Adabu niko nayo. Ndiyo maana nasema polepole."

Nilikasirika wiki nzima. Nilisema moyoni, huyu ni nani wa kunifundisha? Nyani haoni kundule. Nilikuwa bado mwandishi wa majina ya watu, hata nikiwa nimeketi nao.

Kamati iliniita Jumamosi moja alasiri. Mwenyekiti alikuwa Mzee Nyaga, rafiki yangu tangu tulipotahiriwa pamoja. Walikaa upande ule wa meza niliozoea kukaa mimi, na karani mpya alikuwa na kile kitabu changu. Wakaniweka kwenye kigoda.

Nyaga akaanza, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mzee Njeru, huyo mwanamke ni nani?"

"Hakuna mwanamke."

"Basi mbona unakaa nyuma?"

Wakaniuliza hivyo hivyo kwa njia kumi tofauti. Tangu asubuhi sikuwa nimetoa hata tone. Tumbo la chini lilikuwa gumu kama ubao wa jeneza. Niliomba ruhusa nikaenda choo cha kanisa, nikasimama pale nikisukuma mpaka nikaona nyota. Hakuna kitu. Nilirudi nimelowa jasho. Nikaomba tena ruhusa. Nyaga akasema, "Huyu anatoroka maswali." Mara ya tatu sikuomba. Niliinuka tu nikatoka.

Nje nilishika ukuta. Maumivu yale siwezi kuyafananisha na kitu. Nilijua nikirudi mle ndani nitakufa nikiwa nimenyamaza, na nikienda nyumbani sitafika. Halafu nikasikia cherehani. Katika dunia nzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye sikuwa na kitu cha kumficha, na ni yule niliyemwandika kiburi. Nikajikokota mpaka kwa duka la Gicuku, nikashika meza yake.

"Mwanangu," nikamwambia, "kimeziba."

Hakuuliza nini. Aliacha nguo kwenye sindano. Alikimbia barabarani akasimamisha pikapu iliyokuwa imebeba magunia ya ndengu kwenda Embu, akamtuma jirani amwite Mama Ireri mbio. Mke wangu alipofika amevaa leso na viatu vya shamba, alisimama kwanza, akatutazama mimi na Gicuku. Nikaona anavyofikiri.

Gicuku akamwambia waziwazi, "Mama, mzee hana mwanamke. Mzee ameshindwa kukojoa. Alihama kitanda juu ya mkojo."

Mama Ireri alinigeukia. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kuniita jina langu hadharani. "Njeru! Ni mkojo tu? Miezi hii yote nalia, ni mkojo tu?" Akacheka, akalia, akanipiga bega ngumi mbili, halafu akapanda juu ya magunia akanivuta kwa makwapa.

Barabara ya Embu mnaijua. Mvua ilikuwa imeikula na bado ilikuwa haijatengenezwa. Kila shimo nilipiga kelele. Mke wangu alikuwa ameweka kichwa changu mapajani, na mimi nikiwa nanuka vile, sikuwa na kitambaa cha kubadilisha. Hakuziba pua. Aliniimbia wimbo wa kwao wa kulaza watoto, kwa Kimbeere.

Hospitalini tulipokelewa na daktari msichana, umri wa binti yetu wa mwisho. Akauliza, "Guka," yaani babu, "uko na hii shida tangu lini?"

"Siku tatu," nikasema.

"Alihama kitanda mwezi wa tatu!" mke wangu akasema. "Sema ukweli, huyu ni daktari, si kamati."

Nikasema ukweli. Ni karibu miaka miwili. Wakanivua kila kitu. Wale wauguzi walifungua vitambaa vyangu kimoja kimoja, vichafu vile, wakaviweka kwenye ndoo bila kukunja uso. Yule binti akanipaka dawa baridi, akaingiza mrija wa mpira pale pale mnapopajua. Unauma, sitawadanganya. Unakaza meno, halafu kuna mahali unakwama, halafu unapita. Ulipopita, mkojo ulimwagika mfukoni kama bomba limefunguliwa. Zaidi ya lita moja na nusu. Nililia machozi ya mtoto. Daktari akaniambia, "Tezi dume imevimba imebana njia. Na mkojo umerudi nyuma umeumiza figo. Ungekaa siku mbili zaidi tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Nililala pale uchi chini ya blanketi la hospitali, mke wangu ananishika mguu. Nilikuwa nimefundisha habari ya neema miaka ishirini, nikiwa nimevaa suti. Sikuwa nimewahi kuipokea nikiwa uchi na ninanuka. Hakuna mtu katika chumba kile aliyeniuliza nimekosa nini. Waliuliza tu inauma wapi.

Niliwekwa wadi siku tisa mpaka figo zikatulia kidogo. Wakasema upasuaji ungoje wiki sita, nirudi nyumbani na mpira na mfuko. Mfuko ule unafungwa kwenye muundi, chini ya suruali. Nilitembea na gambuti, vile viatu virefu vya mpira, ili usionekane. Mnaona? Nilikuwa nimeokolewa na bado ninaficha.

Sasa sikilizeni mambo ya watu. Siku ile nilipotoka kwa kamati, wazee walitoka nje kuniangalia. Waliniona nikiingia kwa duka la Gicuku. Waliniona nimeegemea meza yake. Waliona pikapu. Basi swali la Nyaga likapata jibu lenyewe: mwanamke ni Gicuku! Si ndiyo sababu nilikwenda kukaa benchi lake? Mama Ireri aliniletea habari hiyo nikiwa kitandani. Akina mama wa kanisa walikuwa wamempa Gicuku kushona sare zao mpya. Walikuwa wameenda kuchukua vitambaa vyao vyote, vingine vikiwa vimekatwa tayari. Cherehani ilikuwa haisikiki tena.

"Utasema lini?" mke wangu akauliza.

"Nikishapasuliwa. Nikiwa mzima nitasimama."

"Na ukifia kwa kisu? Huyo msichana nani atamsafishia jina, mimi?"

Kisu nilikuwa nakiogopa kweli, hata jeneza langu nilikuwa nimeshachagua mbao. Lakini nikitaka kusema kweli yote, niliogopa zaidi kusimama mbele ya watu nikataja mkojo. Nilikaa na hofu hiyo siku tatu. Siku ya nne nikamwambia Mama Ireri anipigie pasi suruali.

Jumapili hiyo nilikaa benchi la nyuma, kando ya Gicuku. Alisogea. "Usikae hapa, Baba," akanong'ona, "wanatuona." Mchungaji alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda, niliinuka. Ni njia ndefu kutoka nyuma mpaka mbele. Nilisimama pale pale tulipokuwa tunawasimamisha watu kukiri. Nikainama, nikavua gambuti la kushoto, nikapandisha suruali mpaka gotini. Mfuko ukaonekana, nusu yake imejaa.

"Huu ni mkojo," nikasema. "Nimejikojolea karibu miaka miwili. Ndiyo maana nilikaa nyuma, karibu na choo. Sina mwanamke Ishiara. Na huyu Gicuku hajakaa na mimi kwa ubaya. Aliniambia niende hospitali nikamtukana. Nilipokuwa nakufa, yeye ndiye alinipakia kwa gari. Mmemnyang'anya kazi kwa sababu alinizuia kufa."

Cucu Rwamba, ambaye ndiye mkongwe wetu kuliko wote na haogopi mtu, akasema kwa sauti kutoka benchi la tatu, "Sasa hiyo ndiyo dhambi?"

Watu wakacheka. Kwanza watoto, halafu akina mama, halafu kanisa zima. Nami nikacheka, na suruali yangu imepanda gotini. Haki ya Mungu, sikujua kicheko kinaweza kumfungua mtu. Kile kitu nilichokibeba miaka miwili kama jiwe kilikuwa ni kitu cha kuchekwa tu, na waliocheka hawakunichukia.

Walipotulia nikasema, "Hiyo si dhambi, cucu. Lakini dhambi ninayo. Kuna neno niliandika mbele ya jina la Gicuku. Kiburi. Nilikosea jina. Karani, lifute pale, uliandike kwangu." Nikarudi kukaa. Gicuku alikuwa ameinamisha uso, mabega yanatikisika.

Nilipasuliwa mwezi uliofuata. Wanakudunga sindano ya mgongo, miguu inakufa, unawasikia madaktari wakizungumza habari ya chakula cha mchana. Wanapasua chini ya kitovu, wanatoa hiyo tezi. Siku za kwanza maji ya kuosha kibofu yanatoka mekundu, baadaye rangi ya waridi, baadaye meupe. Kovu linauma ukikohoa. Walipeleka kipande kupimwa wakasema si kansa. Walipotoa mpira, waliniambia nijaribu mwenyewe kwenye beseni. Nilisimama nikangoja kama zamani. Halafu nikausikia, sauti yake kwenye beseni, mrefu bila kukatika. Mama Ireri alikuwa nje ya pazia. Ndiye aliyesema Haleluya kabla yangu.

Baada ya hapo nilivuja kidogo kidogo miezi miwili, ikaisha. Mambo mengine ya chumbani niulizeni faraghani, lakini msife moyo.

Nikiwa bado napata nafuu, sijaruhusiwa kubeba mbao nzito, nilifanya kazi moja tu. Nilichukua ubao mmoja mzuri wa grevilea, nikaupiga randa polepole, nikaenda nao kanisani siku ya kazi, nikaupigilia kwenye benchi la nyuma. Sikuomba ruhusa ya kamati.

Mzee Nyaga alinikuta karakana wiki chache baadaye. Alisema amekuja kuagiza kigoda. Akashika kimoja, akashika kingine, akakohoa. Akaangalia nje kama kuna mtu. Halafu mwenyekiti wangu, aliyenihoji alasiri nzima, akaninong'oneza, "Njeru, huo mpira… unauma?"

"Unauma," nikamwambia, "lakini hauumi kama kuficha." Jumatatu nilimpeleka Embu mwenyewe. Mnamwona yule amekaa pale dirishani, amenona. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, na sisi tulikuwa tunalirudia neno hilo kwa matanga ya wenzetu huku tumejifunga vitambaa.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi. Ukiona unasimama chooni unangoja, usingoje nyumbani. Mwambie mke wako kabla hajaambiwa na soko. Kunywa maji. Usimwombe Mungu akuponye kwa siri, kwa sababu yeye tayari anaona na hajaziba pua. Na kama wewe ndiye unayeandika majina ya watu, weka kalamu chini kidogo, ukaulize kwanza inauma wapi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu aliyenipakata kwenye magunia. Namshukuru yule daktari msichana ambaye jina lake sikulishika kwa uchungu niliokuwa nao.

Limebaki moja. Walinirudisha kwenye uzee wa kanisa, na Jumapili ya kwanza ya Meza ya Bwana nikapewa sahani ya mkate niipitishe upande wa kushoto. Nilienda benchi kwa benchi. Nikafika lile ambalo huwa tunageukia. Kamati ilikuwa imeshakaa mara mbili juu ya jambo la Gicuku na haijaamua; yule kijana wa Meru hajasimama mpaka leo. Nilitazama mbele, Mchungaji akanitazama, akainamisha kichwa kama anayesali. Sikugeuka. Nilipiga hatua mbili zaidi, nikamshikia Gicuku sahani.

Alinitazama. "Kamati imesema?"

"Kamati nitaiambia kesho."

Vidole vyake vilikuwa bado na chaki ya kukatia nguo. Alichukua mkate, akala, akaegemea. Nami nikabaki nimesimama pale na sahani, machozi yananitoka mbele ya kanisa zima, na sikuona aibu hata kidogo.